Kiwiko Kwenye Kona ya Picha

...au ile lenzi ndefu, ndefu itanitosha, nitakaa nyuma kabisa karibu na mlango na kila kitu nitakivuta papo hapo nilipo, hakuna atakayeniona, ila ndefu ni nzito, na gizani inataka mkono uliotulia, na huu wangu tangu asubuhi unatetemeka hata kikombe cha chai nimekishika kwa mikono miwili, "Shemeji, mimi nichukue ipi?" anauliza huyu tunayemwita Miwani, ngoja, nafikiri, meza ina kamera mbili na lenzi tatu utadhani nimekuja kuuza, na huko ukumbini wamezima taa zote, mishumaa tu, ndivyo binti yangu alivyotaka, mtoto wa wapiga picha wawili anachagua kuolewa gizani, baba yake angecheka mpaka akohoe, angesema huyu katukomoa, na mfungisha ndoa naye kasema fleshi hapana, hata moja, basi ni macho na lenzi tu, nikilazimisha kamera ione gizani picha itajaa chenga, vidoa vidoa, ile ya kati labda, ya kati inafunguka vizuri, inaingiza mwanga, nikisimama safu ya tatu napata uso wake, uso peke yake, ndivyo nilivyowapiga picha maharusi wa watu miaka kumi na tisa, mimi mbali na yeye karibu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu, mume wangu na lenzi fupi hatua mbili kutoka kwa bibi harusi, mimi na ndefu huko nyuma, na kila Jumatatu nikikaa kwenye kompyuta namkuta kwenye kona za picha zangu, kiwiko, bega, nusu ya kisogo, siku moja kiatu tu, nampigia kelele, "Umeniharibia tena wewe!" naye kutoka jikoni, "Nikate tu, mke wangu, harusi siyo yangu," nami namkata, namkata huku nacheka, na nikishawakabidhi wenyewe picha zao nazifuta zile za mwanzo zisizokatwa ili nipate nafasi, miaka kumi na tisa namkata na kumfuta, halafu walipotaka picha ya kuweka juu ya jeneza nikapekua nyumba nzima, mimi, mpiga picha, nikaishia na ya kitambulisho, masikio yamesimama, hafanani hata na yeye mwenyewe... "Shemeji, zimebaki dakika kumi," najua, Miwani, najua, huyu ni rafiki wa mume wangu tangu walipokuwa wanajifunza kazi kwa fundi mmoja, leo kaja kunisaidia na hajaniambia pole hata mara moja, Mungu ambariki kwa hilo, lenzi fupi ya mume wangu hii hapa, ukingo umechubuka, siku ile ilipomponyoka ngazini akajirusha kifudifudi kuidaka, goti likachanika, lenzi nzima, sijaigusa tangu tumzike, na ndiyo inayoona gizani kuliko zote, yeyote anayeijua kazi angeshaichukua akaondoka zake, ila fupi haivuti, fupi inataka uende mwenyewe kwa miguu yako, hatua mbili, na hatua mbili kutoka kwa mwanangu atauona uso wangu, ataona ninalia, atalia na yeye, vipodozi vya masaa matatu vyote vitaharibika, haiwezekani... mwongo, mwongo mkubwa mimi, siyo vipodozi, hospitali kulikuwa na vipodozi? Hospitali nilisimama mlangoni, wiki mbili nzima, kitanda cha mume wangu kilikuwa cha mwisho, dirishani, na mimi mlangoni, simu sikioni, naongea na mteja habari za rangi ya jalada la albamu, yeye ananipungia vidole, njoo, nami namwonyesha kidole, dakika moja, kwa sababu ukiwa mlangoni alikuwa bado yeye, mtu kajilaza tu, ukimkaribia ndipo unaiona mifupa ya shingo, niliogopa, nilimwogopa mume wangu mwenyewe, na siku ya mwisho ni binti yetu aliyemshika mkono, peke yake, akageuka akanitazama pale mlangoni, na jambo hilo hakulitaja mpaka jana, nambana gauni kiunoni kwa pini, hakugeuka hata, "Mama, kesho usikae mlangoni," nami nikajifanya nimechomwa na pini... "Shemeji?" Fupi iko mkononi, ya baridi, ukingo unanikwaruza kidole gumba, naipachika kwenye kamera, inazunguka, inashika kwa ule mlio wake mdogo niliousikia miaka yote nikiwa nimempa mgongo, "Chukua ndefu wewe, kaa nyuma," namwambia, "Na wewe je?" mbele, mimi nitakuwa mbele, hatua mbili, na nikilia nitalia nikiwa pale pale, Miwani anaivua miwani yake, anaifuta kwa shati, anaivaa tena, na mlango wa ukumbi bado umefungwa, "Sasa shemeji, hapo si utaniziba, kila nikipiga picha, kiwiko chako kitanitokea kwenye kona," anasema polepole kama anayeomba radhi, "Kiache kitokee," namwambia, "usinikate."