Ulimi wa Meja Thackwray

Meja Lionel Thackwray hakuogopa mizinga ya Wajerumani, lakini meza ya shindano la keki kwenye maonyesho ya kijiji ilimtoa jasho. Uchaguzi wa ubunge ulikuwa Alhamisi. Chama chake cha Wahafidhina kilikuwa kimeshamsimamisha mara mbili na mara zote mbili akaanguka. Akianguka na safari hii, basi, akafuge kuku.

"Ukionja tu umekwisha," Ogle, meneja wake wa kampeni, alimnong'oneza. "Mpishi mmoja atapata utepe wa ushindi, waliobaki wote watakununia. Wamejinyima sukari ya mgao tangu Krismasi hawa!"

Lakini mila ni mila, mgeni wa heshima ndiye anayeonja na kuchagua mshindi. Bi Tranter, mkuu wa akina mama, alikuwa ameshamletea kisu.

Meja akakohoa. "Mabibi, leo niiseme aibu yangu. Homa ya vitani iliniua ulimi. Sukari na chumvi kwangu ni mamoja. Lakini si tunaye Bwana Pugh wa chama cha Leba, mtu wa watu!"

Masikini Pugh! Mpinzani huyo wa Meja alikuwa amejikalia na chai yake. Akaruka kama kaitwa harusini, akaonja zote, akajilamba, akauweka utepe kwenye keki ya pembeni. Bi Tranter akageuza kadi ya jina: Hester Thackwray, mke wa Meja mwenyewe! Akina mama wengine wakapiga makofi kwa ncha za vidole, wakimkata Pugh jicho. Ogle alitoka nje akacheke.

Alhamisi Meja alishinda, tena kwa kishindo. Akarudi nyumbani kifua mbele, akamkuta Hester jikoni akiandaa chai.

"Mke wangu, tumeshinda! Ile hila ya ulimi, unaonaje?"

"Miaka yote hii unanisifia keki, Lionel. 'Hakuna kama zako, Hester!' Kwa ulimi upi?"

"Ah, lakini pale nilidanganya tu!"

"Pale wapi? Kwenye maonyesho au mezani kwangu?"

Meja akavuta kiti, akaketi.

"Kura yangu nimempa Pugh," alisema Hester. "Yeye walau alionja." Kisha akamsogezea kikombe cha chai.

Meja akapiga funda moja, macho yakamtoka. Chumvi tupu!

"Vipi, tamu?"

Akamtazama mkewe, akakitazama kikombe.

"Tamu sana, mpenzi," alisema mbunge mpya, akanywa yote.