Mbio za Polepole Chini ya Baralacha

Kwetu Palpukur, kijiji cha Wabengali, kila Januari klabu yetu hufanya sikukuu ya michezo, na mchezo unaojaza watu si mpira. Ni mbio za baiskeli za polepole. Mnapangwa kwenye mstari, filimbi inalia, na anayefika wa mwisho ndiye mshindi. Ukigusa chini kwa mguu, umetoka. Kaka Subal alikuwa bingwa miaka kumi na moja mfululizo. Aliweza kutulia juu ya baiskeli palepale, magurudumu hayaendi mbele wala nyuma, huku anamenya karanga na kuwatupia maganda wote waliogusa chini. Mimi nimepigwa maganda hayo tangu nikiwa na miaka kumi na sita.

Tulitoka Palpukur mwezi wa Mei, sisi wawili tu, na baiskeli za chuma zisizo na gia. Yake ilikuwa ya kubebea maziwa, yangu ya kusambazia magazeti. Klabu ilituvisha mashada ya maua ikatukabidhi daftari la kugongesha mihuri ya posta za njiani, mpaka Leh, mji ulio ng'ambo ya milima mirefu. Hela ya nyumba za wageni hatukuwa nayo. Tulilala kwenye vituo vya mafuta, kwenye nyua za mahekalu, chini ya madaraja, na tulipoingia milimani tulilala ndani ya hema ambalo mama yake Subal alilishona kwa magunia ya mbolea. Ikinyesha tunalowa, jua likitoka tunakaukia barabarani. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sioni haya kusema.

Siku ya arobaini na mbili, asubuhi, tulifika kwenye kijito kinachokatiza barabara chini ya kipito cha Baralacha, pale barabara inapovuka mgongo wa mlima. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Upande wa huku kulikuwa na kambi ya vibarua wa barabara, na mmoja wao, Somai Murmu, mtu wa Dumka anayekijua Kibengali chetu vizuri, alikuwa ameegemea koleo lake.

"Mnarudi lini?" akauliza.

"Haturudi, mjomba," Subal akamjibu. "Sisi ni mbele tu."

"Njia imefungwa huko mbele. Mlima umeporomoka upande wa pili. Gari halipandi wala halishuki."

"Baiskeli tutaibeba begani."

Somai akacheka. "Haya, mashujaa. Ila mkirudi, rudini asubuhi. Maji haya yana saa zake. Jua likishayeyusha theluji huko juu, ikifika saa tisa hapa hata tingatinga halivuki."

Kambini kwao palikuwa na hema la kulaza wasafiri kwa malipo. Tukalikwepa, tukavuka kijito, tukapanda mpaka jioni, tukapiga magunia yetu juu kabisa, kwenye changarawe. Ubahili wetu ulitupandisha haraka kuliko miili ilivyotaka.

Jioni ile mchele uligoma kuiva. Tuliuchemsha mpaka mafuta ya taa yakakaribia kwisha, na punje bado zilikuwa ngumu kwa ndani. Subal, mtu wa sahani mbili na ya tatu ya kusindikizia, akasema hana njaa. Mbengali akikataa wali, mwite daktari. Mimi sikumwita mtu. Nilitafuna chira, mchele wetu uliopondwa, na sukari guru, nikalala.

Asubuhi akatapika nyuma ya jiwe. Akajifuta mdomo kwa gamcha yake, ile taulo nyembamba tunayofunga kichwani, akasema, "Kichwa tu," akatangulia kama kawaida yake. Nami nikamfuata kama kawaida yangu.

Kwa siku zote zile nilikuwa nafuata alama ya tairi lake. Subal huendesha kama aliyechorewa mstari kwa rula. Siku hiyo, kwenye vumbi, mstari ulikwenda kulia, ukarudi kushoto, ukaenda tena kulia, na mahali pamoja ulipita ukingoni mwa korongo kwa upana wa kiganja. Nilisimama nikautazama. Kule Keylong, mji wa chini tuliopitia, muuza chai alikuwa ametuonya: anayeumwa kichwa mlimani na apumzike, lakini anayeyumba kama mlevi na hajanywa kitu ashushwe siku hiyohiyo, la sivyo hataiona kesho.

Nilimkuta kwenye kona, amesimama, mkono juu ya kiti cha baiskeli.

"Kaka, tushuke."

"Tushuke wapi wakati kipito kile pale?" Akanyoosha kidole. Alikuwa anaonyesha kule tulikotoka.

"Unaumwa. Midomo imekuwa ya buluu."

"Kichwa tu, nimesema. Wewe Haru ni mwoga tangu utotoni. Kuku wa mama yako walikuwa wanakukimbiza uani."

"Walinikimbiza, sawa. Tushuke."

"Nirudi Palpukur bila muhuri wa Leh? Mashada yote yale? Nenda wewe. Nenda kwa kuku wako."

Ana miaka minne kunizidi na kilo ishirini juu yake. Kumburuta nisingeweza. Ilikuwa saa sita na nusu. Kufika kijitoni kungetuchukua karibu saa mbili, na tukikuta saa tisa imepita ningesubiri mpaka asubuhi na maiti. Sikio la kufa halisikii dawa, na nilimchukia kwa hilo, nikajichukia na mimi, kwa sababu tangu jana jioni nilikuwa nimeona nikanyamaza. Na mimi nilikitaka kile kipito.

Ndipo nikasema, "Basi tushindane."

"Nini?"

"Mbio za polepole. Kutoka hapa mpaka lile jiwe la kilomita. Ukinishinda, nafunga mdomo, nakufuata mpaka Leh. Ukigusa chini, tunashuka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe hujawahi kufika hata nusu ya uwanja!"

"Mimi."

"Maskini. Panda, nisije nikakuonea huruma."

Tukapanda. Nilipohesabu tatu ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimeuweka uhai wake kwenye mchezo pekee ambao hajawahi kushindwa.

Na alianza vizuri, jamani. Kichwa chake kilikuwa kimepotea, lakini mwili ulikumbuka. Alisukuma kanyagio nusu mzunguko, akakata usukani, akatulia. Pumzi moja, mbili, tatu. Gurudumu langu la mbele lilikuwa linatetemeka. Niliomba kwa mungu wa nyumbani kwetu, nikaomba na kwa wa jirani. Pumzi ya sita nikainama kushoto, nikajirudisha, nikainama tena, na ncha ya kiatu changu ikagusa vumbi.

Niligusa mimi kwanza. Hiyo ndiyo kweli.

Subal aligeuza kichwa anitazame. Aliuona mguu wangu. Akafungua mdomo atangaze ushindi wake, na kule kugeuza kichwa ndiko kulikommaliza: alidondoka ubavu kama gunia, hata mkono hakuuweka.

"Umegusa," akasema akiwa chini. "Umegusa kwanza."

"Sikugusa."

"Nimeona, Haru."

"Umeona nini na macho hayo? Kipito chenyewe umekionyesha nyuma. Sikugusa. Simama kama umeshinda."

Alijaribu kusimama. Miguu ikaenda kila mmoja kwake, akakaa tena. Akajaribu mara ya pili. Akazitazama nyayo zake kwa muda mrefu, bingwa wa miaka kumi na moja, na machozi yakaanza kumtoka.

"Haru, ardhi inatembea."

"Najua, kaka. Twende."

Baiskeli yake tuliiegemeza kwenye jiwe la kilomita, mizigo na yote. Nilimpakia kwenye karia yangu, nikamfunga kiunoni kwangu kwa gamcha yake na yangu, tukashuka. Mpira wa breki ulinuka moshi. Kila kona mwili wake uliniegemea upande usiofaa, nami nikawa namtukana kwa sauti ili asilale. Mwanzo alinijibu matusi. Baadaye akaacha kujibu.

Tulikisikia kijito kabla hatujakiona. Maji yalikuwa ya kahawia, na mawe yalikuwa yanagongana ndani yake. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Somai alikuwa ng'ambo.

"Nilisema asubuhi!" akapiga kelele.

"Hafiki asubuhi!"

Hakuuliza tena. Alikimbia kambini akarudi na wenzake wawili na kamba. Walirusha mara tatu ndipo nikaidaka, nikajifunga pamoja na Subal mgongoni.

"Baiskeli iache!" Somai akasema. "Iache, mwanangu, ingia!"

Maji yalinifika kiunoni, na baridi yake ilinikata pumzi. Katikati jiwe lilinigonga muundi, goti likalegea, tukazama wote wawili, na kamba ikatukaza mbavu. Nilipoibuka nilihisi kidevu cha Subal begani bado kinatetemeka. Nikashukuru kwa tetemeko lile. Walituvuta kama wavuta ndoo kisimani. Nilipogeuka, ukingo ulikuwa umemegwa, na baiskeli yangu imekwenda pamoja na mkoba na daftari na mihuri yote.

Kambini kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Wakamfunga barakoa, wakamteremsha kwa trekta mpaka hospitali. Daktari akasema angechelewa saa chache zaidi, asingekuwa na la kufanya. Siku ya tatu Subal aliomba wali. Nililia mbele ya muuguzi bila kujizuia.

Palpukur tulirudi kwa treni, bila baiskeli, bila daftari. Klabu ilijaa. Hakuna aliyeleta maua. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Sasa nani kati yenu aliyeogopa?" na macho yote yakanigeukia, maana hadithi ya kuku wanaijua wote. Nilikuwa nimeshaamua kusema ni mimi. Subal akasimama kabla sijafungua mdomo.

"Tulishindana mbio za polepole," akasema. "Haru akanishinda."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alingoja wamalize.

"Nilianguka. Yeye hakugusa chini."

Subal akaketi karibu yangu, akatoa karanga mfukoni, akaimenya taratibu, akaila. Kisha, bila kunitazama, akanitupia ganda.