Ndiyo ya Dada

Dada alinipigia kutoka ng'ambo anakosomea shahada ya pili ya sera za umma, sauti imemkauka kabisa. "Mdogo wangu, nimekwisha. Wananifukuza chuo."

Alikuwa kwenye korido, nje ya ofisi ya profesa wake. Ndani, walimu watatu walikuwa wanaijadili ripoti yake ya sera ya maji. Mmoja alidai ameinakili.

"Si uliiandika mwenyewe?"

"Niliiandika! Profesa akaniuliza kwa Kiingereza, 'Hukunakili hii?' Mimi nikajibu ndiyo."

"Sasa kosa liko wapi? Ndiyo, hukunakili."

"Wee! Kwao, kujibu 'ndiyo' hapo maana yake nimenakili. Nilipomwona mwalimu mwingine anaandika haraka ndipo nikashtuka. Wakaniambia nisubiri nje."

Mimi huyu, nimemaliza shule juzi tu, kazi sina, ndiye wa kumshauri msomi?

"Dada, rudi ndani kabla hawajaamua. Usijibu ndiyo wala hapana. Sema sentensi nzima."

"Naogopa kurudi."

"Ingia hivyohivyo!"

Hakukata simu. Nikamsikia anabisha hodi, mlango ukalia, kisha profesa akauliza, "Huna la kuongeza?"

Nikaigandamiza simu sikioni.

"Ripoti ile niliiandika mimi," dada akasema, sauti ikimpasuka. "Niulizeni ukurasa wowote."

Karatasi zikapekuliwa, taratibu mno.

"Wa nne," profesa akasema. "Kaa chini, tuanze."