Mgeni wa Kwanza wa Hoai

Asubuhi ya mwaka mpya wa Tet, Khiem alikurupuka kitandani, akavaa shati jipya akatoka mbio kwenda kliniki kunywa dawa. Methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini, haina sikukuu. Ukiikosa leo, kesho arosto, yale maumivu ya kuikosa, itakutafuta mpaka uvunguni. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni alipokumbuka alichokifanya.

Alikuwa ametoka nyumbani kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Akirudi sasa, wa kwanza kuvuka kizingiti atakuwa yeye, na mji mzima wa Hai Phong unajua kwamba anayevuka wa kwanza ndiye anayeiletea nyumba mwaka wake, mtamu au mchungu. Nani anautaka mwaka wa teja?

"Meza, halafu sema kitu," nesi alimwambia, maana kuna wajanja wanaoificha dawa shavuni wakaiuze nje.

"Heri ya mwaka mpya, dada."

"Haya, imeshuka. Nenda zako."

Nyumba ilikuwa ya dada yake Hoai. Ndiye aliyempokea alipotoka kwenye kituo cha kuachia unga, wakati ndugu wengine walikuwa hata simu zake hawapokei. Hoai aliuza tambi za supu ya kaa pale pale sebuleni, na mwaka uliopita biashara ilikuwa imedorora vibaya. Safari hii hakutaka mchezo. Alikuwa amemwalika Bwana Tuyen, mwenye duka la matairi na watoto wanne wenye afya, mtu ambaye hata mafua humpita mbali.

Basi Khiem akasimama nje ya geti, kwenye manyunyu, amsubiri Bwana Tuyen aingie kwanza. Jirani wa ng'ambo ya kichochoro alimwona, akamtabasamia kwa adabu, kisha akaurudishia mlango wake akaufunga. Khiem hakukasirika. Iliuma tu.

Baada ya muda Hoai alichungulia. "Wewe Khiem! Umeota mizizi hapo?"

"Namsubiri Bwana Tuyen, dada. Nilikwenda kunywa dawa, nikasahau kabisa."

"Utamsubiri sana. Amepiga simu sasa hivi. Mama mkwe wake amefariki usiku."

Mfiwa haingii nyumba za watu siku hiyo, na Bwana Tuyen alikuwa mstaarabu.

"Nikamtafute mwingine? Yule mwalimu wa pale kona?"

"Mwenye nyota nzuri ameshachukuliwa saa hizi," Hoai alisema. Alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji. Alikuwa anaogopa, wala hakuficha. Aligeuka akalitazama sufuria lake kubwa la supu, kisha akamtazama mdogo wake aliyelowa mabega.

"Usijali, dada. Hata mimi nisingejiruhusu kuingia."

"Nani kakuuliza?" Hoai alikuja juu. "Rudi getini. Funga vifungo vya shati vizuri, uje kama mgeni, siyo kama mtu aliyetoka kuvuta sigara."

Khiem akarudi mpaka getini, akajiweka sawa, akaja. Alipofika mlangoni akasimama.

"Sema kitu basi, wageni husema kitu."

Khiem akavitazama viti vitupu vya sebuleni. "Watu wajae humu mpaka viti visitoshe," alisema hatimaye. "Na mgongo wako, dada, upone."

Akavuka kizingiti. Hoai alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, alimsukumia bahasha nyekundu ya pesa za sikukuu kifuani, kwa nguvu kama anayempiga.

"Sasa nisikilize, mpumbavu wewe. Mwaka wangu mzima nimekutwika. Supu isiponunuliwa, ni wewe. Mgongo ukiuma, ni wewe. Kwa hiyo kesho asubuhi, usithubutu kuchelewa kwenda kunywa dawa."