Presha ya Verlene Isiyosikia Dawa

Verlene Tarpley alikuwa ameendesha basi la shule miaka kumi na tisa katika mji mdogo wa Mississippi, na hakuwahi kukwaruza hata kioo. Agosti, kliniki alikopimwa afya ya udereva, mkanda wa presha ulimkaba mkono, mashine ikasoma mia na sabini na nane. Ili leseni ihuishwe, lazima presha ishuke chini ya mia na arobaini.

"Bi Verlene, dawa unakunywa kweli?" daktari aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Nakunywa. Aina tatu kila asubuhi, na ile ya kukojoza imo."

"Wengi husema hivyo."

Akamwongezea nguvu ya dawa. Septemba ikawa mia na sabini na nne, na swali likawa lile lile. Nyumbani mumewe, Hosea, akaanza kuhesabu vidonge kichupani.

"Hosea, hata wewe?"

"Mama yako alikufa kwa presha. Sitaki kukuzika kwa ukaidi."

Kusema kweli pasipo wa kukuamini ni kupiga kelele ndani ya kisima. Verlene aliacha chumvi. Mboga za majani akazichemsha bila nyama ya moshi, zikamshuka kooni kama nyasi. Presha haikutikisika. Akaanza kuuogopa moyo wake mwenyewe. Kila ulipodunda alijiona amefungiwa chumba kimoja na mtu anayebomoa ukuta.

Oktoba alipokewa na muuguzi mpya, Ruthanne Bynum. Huyu alimtazama akimeza dawa, kisha akamfunga kipimo cha kuvaa mpaka kesho yake.

"Hukudanganya, dada," alimwambia Verlene aliporudi. "Dawa unakunywa, na presha iko juu vilevile. Hii ni presha sugu."

Verlene alishusha pumzi. "Ni mimi peke yangu?"

"Peke yako wapi! Katika kila kumi wanaotibiwa presha, mmoja, pengine wawili, wako hivyo. Na sisi weusi ndio zaidi. Umri, uzito, kisukari, figo, hata kukoroma huku pumzi inakatika, vyote huchangia. Unakoroma?"

"Muulize Hosea. Kahamia sebuleni."

Wakacheka. "Na unameza nini kingine?"

"Hakuna. Labda vya goti tu."

Akatoa mkobani chupa kubwa ya dawa za maumivu za dukani. Mara tatu kwa siku, miaka sita. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hivi vinazuia chumvi na maji yasitoke mwilini, dada, na figo zinaumia. Vinapigana na dawa zako."

"Bila hivi siwezi kukanyaga breki."

Ruthanne aliisoma lebo ya chupa, akamrudishia.

Verlene aliviacha. Akaongezewa dawa ya nne, akapewa pia mashine ya kumsaidia kupumua usingizini. Goti likavimba kama boga. Hosea alimkanda kwa barafu kila jioni, na siku moja akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mke wangu."

Januari mashine ikasoma mia na thelathini na sita. Daktari akatia sahihi fomu ya leseni. Verlene akaenda yadi ya mabasi, akapanda basi lake, akakanyaga breki. Mara ya tatu mguu ulikataa, machozi yakamtoka. Akampelekea msimamizi funguo.

"Si presha imeshuka?" msimamizi akashangaa.

"Imeshuka. Mguu ndio umegoma. Nipe kazi ya kuwaangalia watoto humo ndani."

Jumatatu akapanda basi lile lile kwa mlango wa abiria, akishikilia chuma kwa mikono miwili.