Cheo Kwenye Muhuri

Pothos, jirani yetu, alifika chini ya lango letu na wapandafarasi wake, deraya yake iking'aa kama sinia la arusi. Alileta barua: ngome akabidhiwe yeye, na mimi, Kale, niondoke na wanangu kabla ya jua kutua. Chini yake kilining'inia kipande cha madini ya risasi chenye muhuri wa mume wangu, Jemadari Eustratios, aliyekuwa vitani milimani.

Tuliipandisha kwa kamba. Sisinio, mkuu wa walinzi, aliugeuzageuza muhuri, akanywea.

"Bibi, ni wa bwana. Picha ya Mtakatifu Georgio hii hapa, na jina la bwana. Sasa mimi nifanyeje?"

"Usiguse komeo la lango. Hebu lete."

Wanangu walizaliwa ndani ya kuta hizi, na Pothos alikuwa akizimezea mate tangu zamani. Nikasoma upande wa pili: Eustratios, protospathario, jemadari.

Nikaangua kicheko.

"Bibi, kulikoni?"

"Protospathario! Sisinio, bwana wako si amepandishwa cheo kuwa patrikio tangu Pasaka? Siku habari ilipofika alifanya nini?"

Sisinio akajipiga paji la uso. "Loo! Alilivunja koleo la kupigia muhuri wa cheo cha zamani kwa nyundo! Hata kula hakula kwanza."

"Na jipya akaagiza papo hapo. Mimi mkewe nisipomwita patrikio, haitiki. Leo ajishushe cheo mwenyewe?"

Mume wangu anapenda makuu, sifichi, na nimeshamsema mbele ya mama yake. Siku ile nilimpenda kwa hilohilo.

Nikainama ukutani. "Pothos! Fundi wako amenakili muhuri wa zamani!"

"Fungua lango, mwanamke! Amri ni ya mumeo!"

"Huyo protospathario simjui! Mimi nimeolewa na patrikio!"

Walinzi wakavunjika mbavu. Hata wapandafarasi wake wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Nikaamuru pinde zivutwe. Pothos akageuza farasi bila kuaga, vumbi likamfuata hadi mtoni.

Ni desturi ya walinzi wetu, wakishinda, kugonga ngao na kuliita jina la mume wangu. Safari hii Sisinio aligonga yake, akanitazama, akaita, "Kale!" Ukuta mzima ukaitikia. Hata wanangu, niliowakataza kunitaja kwa jina, walipaza sauti kuliko wote, na sikuwakemea.