Rangi Hadi Chini ya Bolti

Stata ilisema "trrk", ikanyamaza. Nikageuza ufunguo tena. Trrk. Nikaupiga usukani ngumi, maumivu yakanipanda mpaka kiwiko.

"Usiipige hivyo, shemeji," akasema Sabzali. "Bibi harusi huyo, ndio kwanza katoka kupambwa."

Nilitamani ngumi ya pili iwe yake.

Sabzali ni kaka wa mke wangu, na lori ni letu sote wawili, ndio kwanza limetoka kwa mchoraji kupakwa rangi na maua. Tulikuwa Jehangira, kando ya barabara kuu ya kwenda Lahore, jua la Julai liko utosini. Askari wa kizuizi cha barabarani alikuwa ametuamuru tuzime injini ili asikie vizuri majibu yetu. Alisikia, akaturuhusu, na sasa lori halikuwaka. Nyuma tulikuwa na makasha ya pichi, yamejaa mpaka juu, na harufu yake ilishaanza kuwa tamu kupita kiasi.

Pichi zilikuwa za dada yangu. Mumewe alikufa mwaka jana, na mashemeji zake walikwisha kusema mbele ya wazee: mwanamke hawezi kufikisha matunda sokoni, yakimwozea, bustani tutaishika sisi. Wazee wakampa msimu huu mmoja aonyeshe. Mnada wa Lahore ni alfajiri. Kufika alfajiri ni kuendesha usiku kucha, na betri zetu zilikuwa hazina nguvu hata ya kuwasha taa moja. Dizeli kuukuu kama hii ikishawaka inakwenda bila umeme, lakini gizani utaipeleka wapi?

Wapakiaji wa matofali waliokuwa kando ya barabara wakatusukuma, wakitucheka.

"Mmelivalisha shanga zote hizo, kutembea halijui!" mmoja akapiga kelele.

"Linaona haya mbele ya wanaume," akadakia mwenzake.

Liliwaka, nikalipeleka moja kwa moja kwa Nadirgul, fundi umeme wa magari pale Jehangira, bila kuthubutu kuzima injini.

Nadirgul alikuja na mita yake, mswaki wa mti mdomoni. Akagusa alteneta, mtambo unaochaji betri: waya mwekundu wa mita kwenye kichwa chake, mweusi kwenye mwili wake. "Volti ishirini na nane. Mzima kabisa huyu." Akaenda kwenye betri. "Ishirini na tatu na kitu. Betri zako zimekufa."

"Nimezinunua mwezi huu!"

"Basi umeuziwa maiti."

Akatuazima betri mbili zake. Tukaziunga, tukakaa kunywa chai. Chai haijaisha, nazo zimeanza kushuka. Nadirgul akakuna kichwa, akasema labda alteneta inadanganya. Akaitoa, akafunga nyingine aliyoikarabati mwenyewe. Tukasukuma tena. Mita ikasema yale yale: kwenye alteneta ishirini na nane, kwenye betri ishirini na tatu. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea, nami nikawa nazunguka lori nikipiga teke kila tairi.

"Ni taa za mapambo," nikasema. "Zinanyonya." Nikang'oa fyuzi yake. Sabzali akaguna kama mtu aliyekatwa kidole. Hakuna kilichobadilika.

"Ni jicho la husuda," akasema Sabzali. "Tulipotoka Matta kupakia, uliona yule mtu wa barabarani alivyolitazama lori? Hata mashallah hakusema." Akafungua kisanduku, akatoa kitambaa kingine cheusi, akaenda kukifunga kwenye bampa, pembeni ya vile vinne vilivyokuwepo.

"Funga na shingoni mwako kimoja," nikamwambia. "Maana jicho langu liko kwako sasa hivi."

Nadirgul naye akaishiwa. Akashika kichwa cha waya wa betri, injini inaunguruma. "Ngoja niung'oe huu kidogo. Taa zikizima, alteneta mbovu."

"Ukiung'oa injini ikiwaka, nitakuvunja mkono, wallahi! Utaichoma hiyo alteneta, na ni yako mwenyewe!"

Akauachia. Nikajua nimevuka mpaka, mtu yuko karakanani kwake, lakini sikuwa na uso wa kuomba radhi. Nikainama ndani ya boneti ili nisimtazame, nikashika waya wa kuvutia mafuta, ule wa chuma unaotoka kwenye pedali. Nikaruka. Ulikuwa wa moto.

Nikaugusa tena kwa ncha ya kidole. Waya wa pedali unapataje moto? Haukuwa karibu na bomba la moshi, wala haukuwa na kazi yoyote ya umeme. Isipokuwa umeme umekosa njia yake, ukapita humo.

"Nadirgul, ndugu yangu, nipe mita."

Nikaweka ncha moja kwenye mwili wa alteneta, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo mita inatakiwa isiseme kitu. Ikasema volti nne na ushei. Nadirgul akautoa mswaki mdomoni.

"Umeme unatoka vizuri, kurudi hauwezi," akasema. "Utepe wa injini uko wapi?"

Tukalala chini. Utepe wa shaba uliosukwa, unaounganisha injini na chesisi, ulikuwa pale, umefungwa kwa bolti mpya iliyokaza. Safi sana. Nikaifungua. Chini yake, mahali panapotakiwa chuma kitupu ili umeme upite, palikuwa na rangi nyekundu iliyopakwa mikono miwili mitatu, na juu yake ua dogo la manjano lenye majani ya kijani. Ua, chini ya bolti, mahali ambapo hata Shetani asingechungulia!

"Sabzali!"

Akaja, akachuchumaa, akalitazama lile ua. "Nilimwambia mchoraji asiache wazi hata upana wa kidole," akasema polepole. "Nilitoa mwenyewe bolti zote, apake na chini yake. Sikutaka pabaki mahali paonekane maskini."

Nilikuwa na matusi ya safari nzima. Nikampa msasa.

"Piga wewe."

Akapiga. Ua likaondoka, rangi ikaondoka, chuma kikatoka cheupe, na yeye akaendelea kusugua mpaka Nadirgul alipomshika bega. Tukafunga utepe. Mita kwenye betri ikapanda: ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba na nusu. Nikamwomba Nadirgul radhi. Akasema atanisamehe nikirudi na kasha la pichi.

Tulifika Lahore mnada ukiwa katikati. Dalali, mzee mwenye sauti ya kupasuka, akafungua makasha. Ya juu yalikuwa mazima. Ya chini yalikuwa yameanza kulainika, akayasukuma kando kwa mguu. Robo ya mzigo, labda zaidi.

"Mali ya nani?" akauliza, kalamu mkononi, wanunuzi wamemzunguka. Jina analolipaza dalali ndilo linaloandikwa kwenye risiti.

"Mwambie aandike Zarwali," Sabzali akaninong'oneza. "Taja jina lako, shemeji. Watu wote hawa."

Kwetu jina la dada halitajwi mbele ya wanaume wa nje. Mimi mwenyewe sijawahi kulitaja hata sokoni kwetu. Nasema watu wa nyumbani, inatosha. Lakini risiti yenye jina langu ingewaambia wale mashemeji kwamba walisema kweli, mwanamke hakufikisha kitu. Nilikuwa nimechoka, nina grisi mpaka kwenye nyusi, na siku nzima nilikuwa nimegombana na kila kitu.

"Zarghuna," nikasema. "Zarghuna binti Mirdad. Bustani ni yake."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaacha. Dalali akanitazama kidogo. Halafu akageukia wanunuzi, akavuta pumzi, na kwa ile sauti yake iliyopasuka akalipaza jina la dada yangu soko zima lisikie.